Pete ya Leokadia na Karatasi Zake Mbili

Antwerpen, mwezi wa sita

Mdogo wangu Deo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako imenifikia kwa mdomo wa Sista Yudita, pamoja na unga wa ulezi, maharage, ile pete na karatasi zake, nami nimeiitikia hapa sebuleni kwa sauti kana kwamba umesimama mlangoni: marahaba, baba. Hujambo wewe? Nyonga ya mkeo Felista imepoa, au bado anatembea kwa kuegemea ukuta? Sista ananiambia mahindi yamebeba vizuri upande wa Mollo, ila huko kwenu Milanzi mvua ilikatika kabla hayajakaza. Uniandikie ukweli wake, usinipambie. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Huku baridi imekwisha, na najua kwenu ndiyo kwanza inaingia, na ule upepo wake unaofanya mabati yaongee. Nimeishi huku miaka mingi kuliko niliyoishi Ufipa, lakini upepo ukigonga dirisha bado najikuta nimeinuka kwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa.

Sista alifika salama. Pete aliivaa kidoleni njia nzima, ameizungushia uzi kwa ndani ili isimvuke. Anasema ofisa wa uwanja wa ndege aliitazama, kisha akamtazama yeye na shela lake, akamwuliza kama mumewe ni tajiri. Sista akamjibu kwamba vyote vilivyopo ni vyake. Akapitishwa.

Sasa niseme lililokufanya unitumie mgeni na mzigo wa namna hii. Nitalirudia kama nilivyolielewa, na nikikosea unisahihishe.

Faustini, kijana wa jirani zako hapo Milanzi, anayefanya kazi ya ufundi wa mitambo kwenye mgodi huko Shinyanga, amemposa binti yako Leokadia. Mengine yote ya posa yamekwenda sawa. Imebaki pete, kwa sababu ina jiwe la almasi, na nyumbani kwetu kitu kikuu cha posa hakipokelewi mpaka kikaguliwe na mashangazi wawili wa binti. Kila shangazi anakagua peke yake, bila kusikia mwenziwe amesema nini. Wakisema neno moja, kinapokelewa. Wakitofautiana, kinarudi, na aliyekileta anarudi nacho, na hakuna wa kumlaumu. Mashangazi wa Leokadia walio hai ni Pelagia wa Mollo na mimi. Pelagia amekwisha kusema irudi, nami nimelisikia kwa Sista ingawa sikupaswa. Mmebaki mkinisubiri.

Nadhani ulipompa Sista ile pete hukuliona hili, Deo. Nikisema irudi, inarudi. Nikisema ipokelewe, tumetofautiana, inarudi vilevile. Umenitumia swali ambalo majibu yake yote mawili ni mamoja. Ndiyo maana nimechelewa kuandika, na ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Sista amenisimulia kikao chenu mpaka nimeona viti vyenyewe. Amesema Faustini alikuja na karatasi mbili za maabara zinazopima almasi. Ya kwanza ilikuja na jiwe alipolinunua Dar es Salaam. Ya pili aliitafuta mwenyewe kabla jiwe halijatiwa kwenye pete, akalipeleka maabara nyingine, kwa sababu alijua anakwenda kwa watu wenye maswali. Akaziweka zote mezani. Vijana wenu wakazisoma, na mambo yote yakalingana, uzito, rangi na usafi, isipokuwa moja: namna jiwe lilivyochongwa. Karatasi ya kwanza inasema limechongwa kwa ubora wa juu kabisa. Ya pili inasema vizuri sana, daraja moja chini.

Hapo ndipo Pelagia, aliyekwisha kukabidhiwa pete na kuirudisha sahanini, alipomwuliza yule kijana mtu mwenye kweli moja anabeba karatasi mbili za nini. Faustini akamjibu kwa adabu kwamba, shangazi, angetaka angeweza kuficha moja.

"Hapo ndipo ninapoogopa," Pelagia akamwambia. "Ya tatu umeificha wapi?"

Sista anasema watu walicheka mpaka Felista akasahau nyonga. Mimi pia nilicheka, maana nilimsikia Pelagia ndani ya maneno yake kama yuko chumbani. Lakini alichosema baada ya hapo hakikunichekesha. Alisema mashangazi wa huko maabara nao ni wawili, na nao wametofautiana, kwa hiyo sheria ni ileile. Irudi. Na kikao kizima kikatikisa kichwa kukubali, na wewe pamoja nao, kwa sababu ni sheria yetu na wote tumelelewa nayo. Leokadia alikuwa jikoni. Sista anasema alitoka na chai, akamimina vikombe vyote bila kumwaga, akarudi jikoni.

Deo, kwa miaka yangu yote ya kazi katika mji huu nilikaa kwenye benchi la karakana, nikikagua almasi zilizokwisha kuchongwa kabla hazijapelekwa maabara. Karatasi hizo nimeziona zikirudi na mawe yake, na nimeona jiwe lilelile likisifiwa hapa na kupunguzwa pale. Naomba univumilie nikueleze, kwa sababu mtoto wetu anaumizwa na jambo ambalo lina maelezo.

Almasi ya mviringo ina uso bapa juu, tunauita meza. Kutoka kwenye meza yanashuka mabega mpaka kiunoni, na chini ya kiuno kuta zake zinakwenda zikikutana kwenye ncha. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga kuta za chini, na kama kuta zimeinama inavyopasa, unageuka na kurudi juu kwenye jicho lako. Kuta zikisimama mno au zikilala mno, mwanga unapenya na kutokea kwa chini, na mahali hapo jiwe linapoa, linakuwa kama kioo cha dirisha. Mchongaji anajua hivyo. Lakini anajua pia kwamba jiwe linauzwa kwa uzito, na alichokisaga hakirudi. Kwa hiyo mara nyingi anasimamisha kuta kidogo kuliko anavyotaka moyoni, ili abakishe uzito.

Sasa maabara zinaingia. Ile iliyotoa karatasi ya kwanza inapima pembe za jiwe, inachukua wastani wake na kuusogeza kwenye namba iliyo karibu, halafu inatazama katika majedwali yake ni daraja gani linalolingana na vipimo vile. Majedwali hayo waliyatengeneza kwa hesabu za mwanga na kwa kuwaonyesha watu mawe na kuwauliza yapi yanawapendeza. Si kazi ya kubahatisha. Lakini daraja lao la juu ni pana, na mawe yasiyofanana sana yanakaa humo pamoja. Maabara ya pili inalichora jiwe lenyewe kwa mashine, kila uso wake mdogo ulipo, kisha inaufuatilia mwanga ndani ya mchoro huo, unaingia wapi na kutokea wapi. Kila unapovuja, wanapunguza. Daraja lao la juu ni jembamba, na mawe mengi mazuri yanabaki nje yake. Ipo na nyingine huku ambayo haitoi neno moja kabisa: inakupa neno la vipimo, neno la ung'avu wa nyuso na neno la ulinganifu, halafu inakuachia wewe uyajumlishe. Hiyo heri Pelagia hakuiona.

Na zote zinatumia maneno yanayofanana, bora, vizuri sana, vizuri, kama vile zimekubaliana. Hazikukubaliana. Wewe umeuza mahindi sokoni, unajua debe la mnunuzi lilivyo na debe lako lilivyo, na yote mawili yanaitwa debe.

Kwa hiyo karatasi za Faustini hazikubishana. Moja iliulizwa kama vipimo vya jiwe hili vimo katika kundi la mawe yanayopendeza. Nyingine iliulizwa mwanga unaokwenda bure ni kiasi gani. Kila moja imejibu ilichoulizwa.

Nikiwa na karatasi hizo mezani nimemkumbuka sana Sabina. Wewe hukuwahi kumwona akiwa msichana, ulikuwa bado mgongoni. Alikuwa binti wa baba mkubwa, pale Mollo, na mchumba wake alileta jembe, moja ya yale majembe ya zamani ya chuma cha kwetu, yaliyokwisha kuwa machache, yanayotolewa kwa heshima tu. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo. Shangazi wa kwanza alilining'iniza kwa kamba, akaligonga kwa kokoto, akasikiliza, akasema ni zima. Wa pili, bila kujua mwenziwe amefanya nini, alilipitishia kidole makalini, akasema limechoka. Wakatofautiana. Jembe likarudi siku ileile, na kijana akarudi nalo, na hakuna aliyemlaumu. Akaoa kwingine, kijiji hichohicho. Jembe lile, kwa kuwa lilikuwa zima kama alivyosema wa kwanza, na makali yake yakanolewa kama alivyotaka wa pili, lililima miaka mingi katika shamba la mwanamke mwingine, na Sabina akiliona kila msimu kutoka ng'ambo ya mfereji. Hakuolewa. Nilipokuwa naondoka kwenda Shinyanga kutafuta kazi alinifungia chakula cha njiani, na alikuwa tayari mtu wa kunyamaza.

Sikuielewa habari ya Sabina mpaka nilipofika kwenye benchi langu huku. Mmoja alisikiliza sauti, mwingine akapima makali, na wazee wakayachukua majibu hayo kama majibu ya swali moja. Sheria yetu siidharau, Deo. Inazuia shangazi mmoja kuhongwa, na inazuia mwingine kuogopa. Lakini ilitaka macho mawili yatazame kitu kimoja kwa namna moja, na hiyo sehemu tuliiacha njiani bila kujua.

Baada ya kufikiri hivyo nilimpigia Pelagia simu. Nilitaka kumwuliza swali dogo tu: yeye, peke yake, kabla karatasi hazijasomwa, aliliona jiwe lile namna gani. Alianza kwa kunipa habari za nguruwe. Akaingia kwenye habari za paroko mpya, kwamba mahubiri yake ni mafupi na watu wanamshuku. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza alipoipeleka pete dirishani aliona nini.

"Niliona pete," akasema.

"Na jiwe?"

"Niliona pete, dada."

Kisha akaendelea, kwa sauti ya chini, maana nadhani kulikuwa na watu nyumbani. Alisema siku hizi kila kitu kina maziwa juu yake. Alisema ulezi anauchambua kwa vidole, na vijiwe vinavyompita anavikuta kwa meno. Alisema kanisani anaimba nyimbo anazozikumbuka, na zile mpya anafungua mdomo tu. Ile siku aliipeleka pete dirishani kwa sababu ndivyo inavyofanywa, akaigeuza, akaona kitu cheupe kama uji, akairudisha sahanini akiwa bado hana neno. Ziliposomwa zile karatasi na kusikika zinatofautiana, alishukuru Mungu, kwa sababu zilimpa la kusema.

Nikamwuliza kwa nini hakusema haoni. Akaniuliza mimi, shangazi asiyeona anaitwa kufanya nini kwenye kikao, kula? Nilimwomba ruhusa ya kukuambia wewe. Nikasikia jogoo wake kwanza. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi kwa mdomo wangu siwezi. Ila asije hapa na uso wa msibani."

Kwa hiyo nimekuambia, na usiende na uso wa msibani.

Umeona sasa tulipo. Pelagia hakuikagua pete. Alikagua karatasi, tena kwa masikio. Neno lake halijatoka bado, kwa hiyo hakuna neno la kutofautiana na langu, na pete haiwezi kurudi. Nimemwambia hivyo naye amekubali, ila ameongeza sharti kwamba hatapokea shangazi mwingine wa kuazimwa kutoka upande wa Felista akae mahali pake. Anataka kuona mwenyewe. Macho ya namna hiyo yanafanyiwa upasuaji na watu wanaona tena. Mimi mwenyewe nimefanyiwa jicho la kulia huku, nikaenda nyumbani siku hiyohiyo. Tafadhali ulizia hospitali hapo Sumbawanga ni lini madaktari wa macho wanapokea watu, na umpeleke. Umpeleke wewe. Faustini amekwisha kutuma salamu kwamba ana gari na yuko tayari, kwa maana Sista hajui kunyamaza kwenye simu, na Pelagia amekataa kabisa. Anasema akipanda gari lile, hata akija kuiona pete inawaka kama jua, watu watasema amelipwa nauli.

Pete nampa Sista Yudita aje nayo kwako. Karatasi zote mbili nimezibakiza hapa katika kabati langu. Mwambie Faustini sijazipoteza na wala sijazidharau, nitamrudishia mara tu Pelagia atakaposema. Kijana aliyeziweka zote mbili mezani mbele ya wazee ambao hawakujua kama ipo hata moja, nimelitazama jambo hilo nalo, ingawa si kazi ya shangazi kukagua kijana. Hiyo ni kazi yako.

Pelagia akiondolewa kitambaa na macho yakatulia, mpe pete asubuhi, upande wa kivulini, si juani, kwa sababu juani kila jiwe linang'aa na hujui lolote. Aitazame kwa juu kwanza, kisha aiinamishe polepole. Usimwambie atafute nini. Usimsomee barua hii. Msomee salamu tu.

Neno langu nitakuandikia wewe, kwa sababu wewe si shangazi na unaruhusiwa kujua. Ila mdomo wako naujua tangu ulipokuwa mtoto, kwa hiyo tafadhali. Nimeitazama pete hii kwa lenzi yangu ya kazini, na kwa kile kikopo chetu chenye rangi nyekundu ndani, ambacho ukilitazamia jiwe, mwanga unaporudi panakuwa pekundu na unapovuja panakuwa peupe. Kuta zake za chini zimesimama kidogo kuliko ambavyo ningezipitisha siku zangu, na mabega yake vilevile. Kila kimoja peke yake kingesameheka. Vyote viwili pamoja vimeacha duara jembamba chini ya meza ambapo mwanga unapungua. Mchongaji alikuwa fundi mzuri, nyuso zimekutana kwenye pembe zake bila kupishana, lakini aliuhurumia uzito. Likiinamishwa, duara lile linafunikwa na mimeto inayotoka pembeni, na mkono wa mtu, kama ujuavyo, hautulii. Ni jiwe la kweli, limechongwa vizuri, si kamilifu. Mimi nimesema ipokelewe. Sista anajua pia, ameapa kwa msalaba wake kunyamaza, na safari hii nimemwambia namaanisha hata kwenye simu.

Leokadia mwambie pole, na mwambie nasikitika kwamba ninamwongezea miezi ya kungoja. Usimwambie kwamba yote yatakuwa sawa, maana hatujui. Mwambie tu kwamba pete yake haijarudishwa, na kwamba hakuna aliyeikagua bado isipokuwa shangazi mmoja. Kama atataka kukasirika, akasirike na mimi niliye mbali, ni rahisi zaidi.

Nisalimie Felista na nyonga yake. Nisalimie mwanao wa kwanza, yule fundi seremala, na mkewe aliyejifungua, nitamtumia mtoto sweta kwa upepo huo. Nisalimie mjukuu wa Pelagia anayemshikia simu, mwambie nimesikia anavyopumua karibu na anavyojifanya hasikii. Mama mlezi wa Jumuiya yetu ya zamani pale Mollo, kama bado yuko, umwambie jina lake bado nalitaja jioni.

Na Pelagia umsalimie kwa kumshika mkono, ukae naye kidogo kabla ya kusema lolote. Mwambie mimi neno langu nimekwisha kulisema na halibadiliki, sasa tunangoja lake. Kama siku hiyo, akiwa anaona, ataitazama kivulini, ataigeuza, atakaa nayo atakavyo, kisha atasema irudi, basi irudi, Deo. Mimi sitaandika barua nyingine ya kubishana naye. Ila iwe ameiona.

Ni mimi dada yako, niliye mbali na mkono wako lakini si mbali na wewe,

Krisensia